Mwalimu amekimbia kalasi: tumuulize nani?



Mwezi huu sitaanza na Biblia. Nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe, kisha tutafungua Biblia pamoja.

Kuna mwaka nilikuwa ndani ya komite ya shule moja ya primeri, kwa upande wa kanisa. Siku ya kwanza moja asubui nilipita pale. Kengele ilikuwa imekwisha kulia, kalasi zote zilikuwa kimya, lakini kalasi ya sita ilikuwa kama soko. Watoto walisimama juu ya mabanki, wengine walipigana. Nikamuuliza direkteri: "Mwalimu iko wapi?" Akanijibu pole pole: "Pasta, mwalimu iko ku mutoni. Anaosha mawe."

Nilikasirika. Kalasi ya sita, mwaka wa egzame ya taifa, na mwalimu anaosha mawe ya karyeri! Ile juma komite ilikutana. Mimi ndimi niliyesema kwa nguvu kuliko wote. Nilisema kanisa halitalea wavivu. Direkteri alitaka kusema neno, sikumpa nafasi. Tukaandika barua ya kumfukuza, nami nikatia sahihi.

Yule mwalimu alipokea barua kwa mikono miwili, kwa heshima, akaisoma mpaka mwisho. Kisha akaniambia: "Pasta, munaniuliza juu ya nini sikuyake ku masomo. Hata siku moja hamukuniulizaka bibi na batoto banakula nini." Akaenda zake.

Ndipo nilijifunza jambo ambalo mjumbe wa komite alipashwa kulijua tangu zamani. Yule mwalimu alifundisha miaka mitatu bila mushahara wa serikali hata mara moja. Karatasi zake zilikuwa zinalala pahali fulani, na hakuna mtu aliyezifuata. Mahali pake tukaweka kijana mmoja. Alikaa miezi miwili, akaenda kuendesha pikipiki ya taksi. Tukaweka wa pili. Naye akapata kazi ya kulinda geti ya kampuni. Mwaka mmoja, walimu watatu, kalasi moja. Matunda ya egzame yalipotoka, wazazi walilia, nami nilijua machozi yale yalitoka wapi.

WALAWI NA MASHAMBA YAO

Sasa tufungue kitabu cha Nehemia, sura ya 13, kutoka shairi la 10 mpaka la 13. Soma polepole nyumbani kwako. Nehemia alikuwa amesafiri kwa mfalme. Aliporudi Yerusalema akakuta nyumba ya Mungu imeachwa. Walawi na waimbaji, wenye kazi ya kufundisha na kuimba, walikimbia, kila mtu kwenye shamba lake. Juu ya nini? Kwa sababu hawakupewa fungu lao.

Angalia namna Nehemia alivyotengeneza jambo hili. Alifanya mambo matano, na yanafuatana. La kwanza, hakuanza kugombeza Walawi. Aligombeza wakubwa, akawauliza kwa sababu gani nyumba ya Mungu imeachwa. La pili, akawakusanya Walawi. La tatu, akawarudisha kila mtu kwenye nafasi yake. La nne, watu wote wakaleta zaka ya ngano, ya divai na ya mafuta. La tano, akaweka walinzi wa gala, watu wanne waliojulikana kuwa waaminifu, ili wawagawie ndugu zao.

Mimi nilifanya kinyume chake. Nilianza na barua. Nehemia alianza na swali, na swali hilo aliwauliza wakubwa. Shamba la Mlawi wa leo, hapa kwetu, ni karyeri, ni mutoni wa kuosha mawe, ni pikipiki, ni duka dogo la kuuzisha unga.

TUMETOKA WAPI

Wazee wanakumbuka. Siku ya sita ya juma tunaiita mpaka leo "siku ya posho", kwa sababu siku ile kampuni iligawia wafanyakazi unga na chakula kingine. Mwalimu wa shule ya Gécamines alikuwa na nyumba, posho na dispanseri. Hakuwa tajiri, lakini asubui akili yake ilikuwa kwa ubao, haikuwa kwa sufuria.

Kisha mambo yakavunjika. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, mushahara ukakuwa wa kungojea, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa kupenda. Katika shule za serikali na za makanisa, ambazo tangu mapatano ya mwaka 1977 tunazichunga kwa jina la serikali, wazazi ndio walioanza kubeba walimu kwa ile feza tunaita prime. Iliokoa shule nyingi. Lakini ilifukuza watoto wa maskini, na mara ingine ilikuwa mlango wa wizi.

Katiba ya mwaka 2006, kifungo cha 43, inasema shule ya primeri ya serikali ni ya bure. Neno lile lilianza kutimizwa kwa kweli mwezi wa kenda mwaka 2019. Watoto wengi waliingia. Ni jambo jema, tumshukuru Mungu. Lakini direkteri wa primeri alibaki na kalasi zilizojaa, walimu wasioandikwa wote kwenye liste ya mushahara, na sanduku tupu. Prefe wa sekondari yeye angali anapokea feza za wazazi, na hatari yake ni ingine: namna ya kuzigawa.

Basi mukubwa wa masomo asiye na feza atamshika mwalimu kwa kitu gani? Nimeona wakubwa wanaoshika walimu wao miaka kumi, na wengine wanaowapoteza kila mwaka, katika mji mmoja na kwa mushahara ule ule. Nitawaambia nilichoona.

MAMBO YA KUMPA MWALIMU NGUVU

Moja: karatasi zake. Zawadi ya kwanza ya mwalimu ni direkteri anayefuata dosie yake. Namba ya matrikule, barua ya kuwekwa kazini, diplome, jina liandikwe sawasawa bila kosa la hata herufi moja. Wengi wanakosa mushahara juu ya jina lililoandikwa namna mbili. Direkteri mwema anashika kopi ya kila karatasi, anazipeleka kwa wakubwa wa sehemu na kwa ofisi ya mushahara, ile zamani iliitwa SECOPE na leo DINACOPE, anarudi kuuliza, na anawaeleza walimu alichojibiwa. Hata kama jibu ni "bado", mwalimu anajua mtu anatembea juu yake.

Mbili: siku ya mushahara. Mwalimu wa mbali anasafiri kwenda kutafuta feza zake kwa banki ao kwa Caritas, na kalasi inabaki siku mbili, siku tatu. Mukubwa mwenye akili anapanga: hawa wanaenda leo, wale kesho, na wanaobaki wanachunga kalasi za wenzao. Mwalimu anapata haki yake, na mtoto hapotezi somo.

Tatu: saa za kazi. Mwalimu ambaye mushahara wake hautoshi atatafuta kazi ingine, tupende tusipende. Katika sekondari, prefe anaweza kukusanya saa zake za somo katika siku nne, ili siku ya tano iwe yake, mbele ya macho ya wote. Ni heri siku moja iliyopangwa kuliko siku tatu za kuibia.

Ine: watoto wake. Nimeona shule ambamo watoto wa walimu wanasoma bila kulipa minervali ao wanalipa nusu. Ni aibu kubwa mwalimu kufundisha watoto wa wengine, na wake wanafukuzwa juu ya feza. Lakini jambo hili likubaliwe na komite ya wazazi na liandikwe, lisikuwe siri ya prefe na marafiki zake.

Tano: likelemba na sanduku la shida. Walimu wanaotoa kidogo kidogo kila mwezi wanaweza kusaidiana kwa kilio, kwa kuzaa, kwa ugonjwa. Direkteri naye atoe, tena atoe wa kwanza. Mtu haachi haraka kundi lililobeba sanduku la mtoto wake mpaka kaburini.

Sita: nyumba na shamba. Hapa nasema na ninyi munaokaa karibu na kampuni. Kodi ya migodi iliyogeuzwa mwaka 2018 inaomba kampuni iandikiane na watu wa pale mapatano ya maendeleo, ile tunaita "cahier des charges", na iweke 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya wakaaji. Tena fungu la 15% ya kodi ya madini, ile redevance, ni la mtaa ao sekteri ambamo madini yanatoka. Mara nyingi watu wanaomba kalasi mpya na rangi mpya. Ni vizuri. Lakini nani aliandika "nyumba mbili za walimu"? Direkteri na komite ya wazazi waandike mapema, mbele ya mkutano, kwa sababu kisha mapatano kutiwa sahihi ni kungojea miaka. Kalasi nzuri isiyo na mwalimu ni gala ya mbuzi.

Saba: neno la asante. Kila tarehe 30 mwezi wa ine tunafanya siku ya mwalimu, tunaimba, tunakula, tunarudi nyumbani. Asante ya kweli ni ya kila juma. Direkteri aingie kalasi, akae nyuma, asikilize somo, kisha amwambie mwalimu neno moja lililokuwa zuri na neno moja la kutengeneza. Anayeingia kalasi kwa kutafuta kosa tu, walimu wanamsikia viatu vyake toka mbali na wanageuka wanafiki.

NA NIZAMU JE?

Wengine watasema: "Pasta ametubu, sasa anataka tubembeleze walimu." Hapana. Yule mwalimu wa mutoni alikuwa na kosa lake pia. Aliacha watoto bila kumwambia mtu. Njaa inaeleza kosa. Haifundishi watoto hesabu. Upendo usio na nizamu unaua shule, na nizamu isiyo na upendo inaifukuzia watu. Vyote viwili vitembee pamoja.

Nizamu inaanza na mukubwa mwenyewe. Nehemia alikuwa gavana miaka 12, na sura ya 5 inasema hakula chakula cha ugavana, kwa sababu watu walikuwa wameelemewa. Direkteri anayefika kisha kengele hana kinywa cha kumwambia mwalimu mchelewaji. Prefe anayejenga nyumba yake kwa feza za wazazi, na walimu wanaona matofali yanapanda, asishangae kalasi zikibaki tupu.

Nizamu iandikwe. Daftari ya kuingia na kutoka, kila mtu atie sahihi, direkteri wa kwanza. Daftari haina ndugu wala rafiki. Hapa nitubu tena: zamani nilimwombea mwalimu mmoja wa jamaa yangu asiandikiwe barua ya kuomba maelezo, naye alikuwa amekosa juma zima. Direkteri alinisikiliza, na tangu siku ile hakuweza tena kuandikia mtu mwingine. Niliharibu shule kwa ombi moja la dakika tano. Wachungaji wenzangu, tuache hiyo.

Nizamu iwe na ngazi. Kwanza neno la watu wawili, mlango umefungwa. Ni njia ya Matayo sura ya 18. Ndani ya neno lile, swali la kwanza liwe: "Kuko nini nyumbani?" Kisha barua ya kuomba maelezo, na mwalimu ajibu kwa maandishi. Kisha onyo. Kisha komite. Kisha wakubwa wa juu, ambao ndio wenye ruhusa ya azabu kubwa, maana mwalimu aliyeandikwa na serikali si mtumishi wa nyumbani mwa direkteri. Mimi niliruka ngazi zote, nikaangukia ya mwisho.

Na mtu asiyelipwa usimpige azabu ya feza. Utamkata nini? Kama kuna prime ya sekondari, na mwalimu amekosa bila sababu, fungu la siku zile lipewe mwenzake aliyeshika kalasi yake, lisiingie mfukoni mwa prefe. Hapo wote wataona kwamba azabu ina haki.

Lakini kuko makosa ambayo hayana ngazi. Mwalimu anayemuomba binti mwili wake juu ya alama, huyo hatupatanishi chini ya mwembe kwa mbuzi na kreti ya vinywaji. Sheria ya mwaka 2006 juu ya jeuri ya mwili inamhukumu, na pahali pake ni mbele ya tribinali. Komite inayoficha neno lile ili kulinda jina la shule ao la kanisa, inashiriki dhambi. Mzazi, mtoto wako akikuambia, umusikilize.

WALINZI WA GALA

Turudi kwa Nehemia mara ya mwisho. Wale walinzi wanne wa gala walikuwa nani? Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya Mlawi, na Hanani wa kuwasaidia. Ona: kuhani, mtu wa kalamu, na mmoja wa wale wenye kugawiwa. Nehemia hakuacha gala kwa mkono wa mtu mmoja, hata awe mtakatifu namna gani.

Prefe mpenzi, fanya vile. Mwalimu mmoja aliyechaguliwa na wenzake, mzazi mmoja, na wewe. Kila mwezi muandike karatasi moja, muibandike ukutani kwa chumba cha walimu: tumeingiza kiasi hiki, tumetoa kiasi hiki, imebaki kiasi hiki. Mwalimu anaweza kuvumilia kidogo akijua ni kidogo kweli. Asichovumilia ni kudanganywa.

ILIKUWAJE MWISHO

Kisha matunda yale mabaya ya egzame, direkteri nami tulienda kumutafuta yule mwalimu. Tulimukuta mutoni, suruali imekunjwa mpaka magoti, mgongo umeinama, maji mekundu. Nilivua viatu nikaingia. Nikamwambia mbele ya watu: "Mwalimu, nilikukosea. Nilitia sahihi bila kukuuliza." Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Pasta, mutatoka ku maji, kuko baridi."

Hatukumuahidi mushahara, kwa sababu haukuwa wetu wa kutoa. Direkteri alimuahidi kufuata dosie yake mwenyewe, na kanisa likampa sehemu ya shamba letu alime mahindi. Prefe wa sekondari yetu akakubali watoto wake wawili wasome kwa nusu. Yeye naye alitia sahihi kwamba hatakosa tena bila kusema. Alirudi mwezi wa kenda.

Mwezi uliofuata alichelewa mara mbili, direkteri akamwandikia barua. Mimi niliogopa ataondoka tena. Aliijibu barua kwa mistari mitatu, akaomba musamaha, na siku iliyofuata alifika mbele ya wote. Nilipomuuliza kama hakukasirika, alicheka: "Sasa banajua kama niko, Pasta. Mutu mwenye hayuko, habamuandikiake."

Mushahara wake wa kwanza ulikuja kisha miezi mingi. Hakuwa peke yake. Wengi wangali wanangoja hata leo, na kuwaombea haki kwa serikali ni kazi ya kanisa pia. Yakobo sura ya 5 inatuonya kwamba mushahara uliozuiwa unalia, na Mungu anasikia kilio kile. Lakini tunapongojea serikali, shule ni yetu na watoto ni wetu. Siku mwalimu anakosa kalasini, tuulize kwanza tulimuacha wapi.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI KISHA CHAKULA

1. Baba na mama, munajua jina la mwalimu wa kila mtoto wenu? Mulimutembelea lini?

2. Shule yenu ina komite ya wazazi? Nani aliwachagua, na hesabu ya feza inaonyeshwa wapi?

3. Nehemia aliuliza wakubwa mbele ya kuwaita Walawi. Ndani ya nyumba yetu, tunaazibu mtoto mbele ao kisha kumuuliza?

4. Juma hili, jamaa yetu inaweza kumufanyia mwalimu mmoja jambo gani la kweli?

Bwana awabariki walimu, na awape wakubwa wa masomo macho ya kuona na mikono safi. Mpaka mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni mimi Mchungaji wenu.